Usiache mbachao? Watu wawili walioacha kazi ya kwanza, na mimi wa tatu

Nimetoka zamu ya mchana, mtoto kalala, nimekaa chini nipumue. Leo tunaweka pembeni kidogo habari za chanjo na uji wa lishe.

Juzi kliniki, mama mmoja alikuwa anamvalisha mwanawe nguo baada ya kumpima uzito. Mtoto ana miezi saba, mnene, anacheka na kila mtu. Mama akaniuliza taratibu, kama vile anaogopa kusikika: "Sista, niko kazini mwaka wa tatu. Ndiyo kazi yangu ya kwanza. Sasa nimepata nyingine, mshahara umezidi kidogo, ila ni mbali na ni mwanzo tena. Nihame, au nitulie kwanza mtoto akue?"

Sikumjibu la maana. Foleni ilikuwa ndefu na watoto wanalia. Nikamwambia tu, "Mama, lifikirie vizuri," jibu ambalo hata ukuta ungeweza kumpa. Tangu siku hiyo linanisumbua. Kwa hiyo naandika jibu langu hapa, sehemu kwa sehemu, na nitapita kwenye historia kwanza. Wakubwa tunaowasikia redioni na vitabuni nao walishawahi kuwa na kazi ya kwanza, wakakaa kitandani usiku wakijiuliza waondoke au wabaki.

SEHEMU YA 1: NESI WA HARLEY STREET

Sisi manesi siku ya kiapo tunashika mishumaa, na jina tunalotajiwa ni Florence Nightingale. Kila mtu anajua habari ya taa yake na wanajeshi majeruhi. Wachache wanajua kwamba kabla ya vita alikuwa na kazi nyingine, na ilibidi aombe ruhusa ya kuiacha.

Florence alizaliwa mwaka 1820 kwenye familia tajiri ya Kiingereza. Alitaka uuguzi tangu ujana, nyumbani wakakataa miaka na miaka. Wakati ule Uingereza uuguzi ulionekana kazi ya wanawake wasio na pa kwenda, si ya binti wa watu. Mwaka 1851 akafanikiwa kwenda Kaiserswerth, Ujerumani, akajifunza kazi kwa miezi kama mitatu hivi. Kazi yake ya kwanza aliipata Agosti 1853, ana miaka 33: kusimamia nyumba ndogo ya kutunzia wanawake wagonjwa, wengi wao walimu wa majumbani wasio na uwezo, Harley Street, London. Hakulipwa mshahara. Baba yake ndiye aliyekubali kumpa pauni 500 kwa mwaka.

Alipoingia hakukaa tu. Alidai maji ya moto yapandishwe kwa bomba mpaka kila ghorofa, na iwekwe lifti ya kupandishia chakula kutoka jikoni, ili muuguzi asimalize siku yake kwenye ngazi. Nesi yeyote aliyewahi kubeba ndoo kwenda wodi ya juu anaelewa huyu mama alikuwa anaongea nini.

Baada ya muda, nyumba ikakaa sawa na kazi ikaanza kumwishia mikononi. Mwaka 1854 akawa kwenye mazungumzo ya kwenda kusimamia wauguzi wa King's College Hospital, hospitali kubwa zaidi. Hakuwa amegombana na mtu. Alichokuja kukifanya pale alikuwa amekimaliza.

Halafu Oktoba ile magazeti ya London yakaleta habari za majeruhi wa vita vya Crimea waliokosa matunzo. Tarehe 14 Florence akamwandikia rafiki yake Elizabeth Herbert, mke wa Sidney Herbert, waziri aliyehusika na mambo ya vita. Kesho yake Sidney naye akamwandikia Florence kumwomba aongoze wauguzi. Barua zikapishana njiani. Nami kinachonivutia kwenye barua ya Florence ni kitu kidogo tu: pamoja na moto wote aliokuwa nao, aliulizia suala la kamati ya wale akina mama waliomwajiri, kama watamwachia. Hakuwakimbia. Tarehe 21 Oktoba akasafiri na wanawake 38, na tarehe 4 Novemba wakafika Scutari, Uturuki.

Ukiisoma haraka utasema mwanamke alibadili kazi ndani ya wiki moja. Si kweli. Nyuma ya wiki ile kuna miezi ya Ujerumani na mwaka mmoja na ushee wa Harley Street. Na tusidanganyane, kuna pauni 500 za baba. Mtu mwenye baba wa namna hiyo akiruka, chini kuna godoro. Mimi na wewe tukiruka, chini kuna sakafu. Ndiyo maana nataka tuje kwa mtu aliyeruka akiwa na familia changa na hana godoro la namna ile.

SEHEMU YA 2: MWALIMU WA PUGU

Jina "Mwalimu" tumelizoea mpaka tumesahau kwamba ilikuwa kazi kweli, yenye chaki, daftari za kusahihisha na mshahara wa mwisho wa mwezi.

Julius Nyerere alimaliza Makerere mwaka 1945. Tabora kulikuwa na shule mbili zilizomtaka: ya serikali, yenye maslahi mazuri zaidi na pensheni, na St. Mary's ya misheni. Akachagua misheni. Nataka ulikumbuke hili, tutalirudia. Alifundisha pale mpaka 1949, akaenda kusoma Edinburgh, akarudi mwishoni mwa 1952 na shahada. Januari 1953 akafunga ndoa na Maria Waningu Gabriel, naye mwalimu. Mwaka huohuo akaanza kufundisha shule ya St. Francis, Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam.

Sasa angalia tarehe vizuri, maana hapa ndipo penye somo. Aprili 1953 alichaguliwa rais wa TAA, chama cha Waafrika wa Tanganyika. Hakuacha kazi. Tarehe 7 Julai 1954 TAA ikageuka TANU, yeye akiwa rais. Bado hakuacha kazi. Siku za wiki anafundisha Pugu, mwisho wa wiki anakwenda mjini kwenye mikutano, kilometa zaidi ya ishirini, mara nyingine kwa miguu, halafu Jumatatu yuko darasani. Karibu miaka miwili alibeba mizigo miwili kichwani.

Na hapa narudi Tabora. Agosti 1953 serikali ya kikoloni ilitoa waraka kuwakataza watumishi wake kuwa wanachama wa vyama vya siasa. Watu wengi wenye elimu walikuwa makarani, matabibu na walimu wa serikali, ikabidi wakae pembeni au wafanye mambo kwa siri. Nyerere alikuwa mwalimu wa misheni, waraka ule haukumshika moja kwa moja. Angekuwa amefuata pensheni kule mwanzo, akaendelea na njia hiyo, pengine hesabu ingekuwa nyingine kabisa. Mwaka 1946 hakuweza kulijua hilo. Lakini kazi uliyonayo hubana baadhi ya milango na kuacha mingine wazi, na wakati wa kuhesabu faida watu wengi tunahesabu mshahara tu.

Februari 1955 akaondoka kwenda New York, kwa michango ya wanachama, na tarehe 7 Machi akazungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kuhusu Tanganyika. Aliporudi, mambo mawili hayakuweza tena kukaa chungu kimoja. Ikabidi achague, ualimu au siasa. Machi hiyohiyo akajiuzulu Pugu.

Mwenyewe baadaye alikuwa akisema ualimu aliuchagua, siasa ilimjia tu. Yaani hakuwa mtu aliyechoka na kazi yake. Aliiacha kazi aliyoipenda, kwa sababu kuendelea na zote mbili kungemfanya azifanye zote vibaya. Hiyo ni sababu tofauti sana na "bosi kanikera".

SEHEMU YA 3: NA NYUMBANI WALIKULA NINI?

Swali hili vitabu vingi hulipita haraka, ila sisi akina mama ndilo la kwanza kutujia. Mshahara wa Pugu umekatika. Nyumba ya shule imekwenda na kazi. Kuna mke, kuna familia changa. TANU wakati ule ilikuwa chama kichanga kinachotegemea michango, haikuwa ajira ya kumlipa mtu kodi ya nyumba.

Jambo la kwanza, hawakubaki mjini kujikaza. Alirudi nyumbani, upande wa Musoma, akakaa miezi kadhaa. Kule akapata kazi ya muda ya kumfundisha padri wa shirika la Maryknoll lugha ya Kizanaki na kusaidia tafsiri ya mambo ya dini, akalipwa. Fikiria: mtu ametoka kuhutubia Umoja wa Mataifa Machi, miezi michache baadaye yuko kijijini anamfundisha mgeni namna ya kusalimia kwa Kizanaki. Hakuiona aibu. Ilikuwa kazi ya kuvukia, kama ubao unaouweka juu ya mtaro wakati wa mvua. Huwezi kuishi juu ya ubao, lakini unakufikisha ng'ambo. Oktoba 1955 akarudi Dar es Salaam kuendelea na chama.

Jambo la pili ni Mama Maria. Dar es Salaam aliendesha duka dogo, akiuza vitu vidogo vidogo na mafuta ya taa. Mama aliyesomea ualimu, anapima mafuta ya taa ili nyumba iende. Tunapoimba habari za aliyejiuzulu, tumkumbuke na aliyebaki dukani. Kila mtu anayeacha kazi, kuna mtu mwingine nyumbani anayeipokea ile kamba ili mzigo usianguke. Wakati mwingine ni mke. Wakati mwingine ni mume. Mara nyingi, jamani tuseme ukweli, ni bibi yake mtoto anayepigiwa simu usiku aje kukaa na mjukuu.

Kwa hiyo kabla hujauliza "nihame lini", uliza "nikihama, nani anashika kamba, na yeye ameambiwa?" Nimeona ndoa zikiyumba si kwa sababu mtu alihama kazi, bali kwa sababu mwenzake alilisikia jambo likiwa limeshaiva.

SEHEMU YA 4: WA TATU NI MIMI

Hii sehemu nilitaka niiruke. Ila nimewatolea habari za wakubwa, si haki nijifiche.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa hospitali binafsi, nisingependa kuitaja. Nilifanya pale miaka miwili na nusu. Nilijifunza mengi, wagonjwa walinizoea, kulikuwa na mama mmoja wa presha alikuwa hakubali kupimwa na mtu mwingine. Siku moja tukakwaruzana na msimamizi wangu kuhusu ratiba ya zamu. Nilikuwa na haki? Nadhani nilikuwa nayo, nusu. Lakini nilivyoondoka ndiyo shida. Niliandika barua ya kuacha kazi usiku uleule, kwenye simu, nikiwa bado natetemeka kwa hasira. Nikaituma saa saba usiku. Nikaongeza na maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka naziba uso.

Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mimi nilikuwa mkunga, na nilikuwa mjamzito, na nikatukana.

Ujauzito ulikuwa wa wiki kumi na sita. Kazi mpya nilipata haraka, mshahara umezidi kidogo, nikafurahi, nikawatangazia ndugu. Hakuna aliyeniuliza na mimi sikujiuliza swali moja jepesi: nitajifungua lini, na wakati huo nitakuwa na miezi mingapi kwenye ajira hii? Kila siku kazini nawahesabia akina mama wiki zao, nawaambia tarehe ya matazamio, nawaandikia kwenye kadi. Za kwangu sikuzihesabu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kwa sisi wa Tanzania Bara, inampa mama likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Lakini sheria hiyohiyo inasema mfanyakazi mwenye utumishi wa chini ya miezi sita hana haki ya likizo za malipo zilizotajwa pale. Mimi nilijifungua nikiwa na miezi mitano na siku kadhaa. Mwajiri mpya hakuwa mtu mbaya, alinipa likizo, ila bila mshahara. Kule nilikotoka ningekuwa na zile siku zangu 84 mkononi.

Nilirudi kazini mtoto ana wiki saba. Kodi ilikuwa inadaiwa, na kazi ya mume wangu wakati huo ilikuwa ya kubahatisha. Nakumbuka nimesimama wodi ya wazazi, namfundisha mama mmoja namna ya kumweka mtoto vizuri kwenye titi, na maziwa yangu mwenyewe yanachuruzika yameloanisha sare, mwanangu yuko nyumbani na mama mkwe anakunywa niliyokamua alfajiri. Yule mama akaniangalia, akajua. Akaniambia, "Pole sista." Nikaenda stoo nikalia dakika tano, nikarudi.

Nahesabu: ningesubiri miezi michache tu kule kwenye kazi ya zamani, niombe likizo yangu, nijifungue, ninyonyeshe, halafu nihame kwa amani, ningepoteza nini? Hasira yangu tu. Na kuhama kwenyewe halikuwa kosa. Kazi ile ya pili imenikuza, huko ndiko nilikojifunza mambo ya watoto njiti. Kosa lilikuwa siku niliyoichagua, na mdomo niliouondokea.

SEHEMU YA 5: SASA MAMA, HILI NDILO JIBU

Tuna methali mbili zinazogombana. Moja inasema usiache mbachao kwa msala upitao. Mkeka chakavu ulio nao ni bora kuliko mkeka mzuri unaopitishwa tu mbele yako. Nyingine inasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Zote ni za kwetu na zote zina haki yake. Kazi yako ni kujua leo uko kwenye ipi.

Florence alihama alipokuwa amemaliza alichokuja kufanya. Nyerere alihama mambo mawili yalipokataa kukaa pamoja, baada ya kuyajaribu pamoja karibu miaka miwili. Mimi nilihama kwa sababu ya ratiba ya zamu na usiku mmoja wa hasira. Ukiziweka sababu hizi tatu mezani, unaona wewe yako inakaa karibu na ipi.

Halafu kaa na mwenzako, au na mama yako kama unalea peke yako, muangalie haya:

Kwanza, ule msala umesimama au unapita? Kama una ofa, iwe ya maandishi, imesainiwa, ina mshahara na tarehe ya kuanza. "Njoo tu tutaongea" si ajira.

Pili, kalenda ya tumbo. Kama una ujauzito, au mnapanga mtoto wa pili karibuni, hesabu ile miezi sita kabla hujaandika barua. Na kama unanyonyesha kama ulivyo sasa, uliza kule kwapya kuhusu muda wa kunyonyesha. Hapa Bara sheria inatambua mpaka saa mbili kwa siku. Uliza kabla ya kusaini, maana ukishasaini unakuwa unaomba hisani. Mlio Zanzibar, Kenya na kwingineko, ulizieni sheria za kwenu, zinatofautiana.

Tatu, ubao wa kuvukia mtaro. Mshahara wa kwanza wa kazi mpya unaweza kuchelewa. Nauli mpya, dada wa kazi, chakula cha kufunga, vyote vinaanza siku ya kwanza. Mshahara ukizidi elfu hamsini na nauli ikala arobaini, umehama kwa elfu kumi. Piga hesabu na kalamu, usipige na kichwa.

Nne, ondoka vizuri. Ukiwa unalipwa kwa mwezi, notisi ya kisheria isipungue siku 28, labda mkataba useme zaidi. Andika barua asubuhi, ukiwa umekula. Kabidhi kazi. Dai cheti chako cha utumishi, ni haki yako, na utakihitaji siku usiyoitegemea. Waage na wanaofagia. Nyerere aliacha ualimu mwaka 1955 na watu wakaendelea kumwita Mwalimu mpaka anaingia kaburini. Jina la kazi yako ya kwanza litakufuata na wewe, chagua likufuate vipi.

Ukiniuliza mimi binafsi, mama wa yule mtoto mnene: miaka mitatu si haba, umejifunza, hutaonekana mtu wa kurukaruka. Siku zako za uzazi umeshakula. Mtoto ana miezi saba, ameanza kula. Kinachobaki ni umbali, na nani anashika kamba. Kama kuna mtu wa kumpokea mtoto na ofa iko kwenye karatasi, usimsubiri mtoto "akue". Watoto hawaishi kukua, na kila umri una sababu yake ya kukuzuia. Lakini kama hakuna wa kumpokea, basi mwambie mwajiri mpya ukweli, omba uanze baada ya mwezi au miwili. Florence aliuliza kama wataweza kumwachia. Kuuliza hakujawahi kumvunja mtu mguu.

Nadhani anasoma hapa, aliwahi kunitajia. Kama unasoma mama, tarehe ya kliniki inayofuata iko kwenye kadi yako. Njoo mapema kabla foleni haijajaa, tukae kwenye benchi la nje dakika kumi, unieleze ulichoamua. Safari hii sitakujibu kama ukuta.

Wengine lala salama. Wiki ijayo tunarudi kwenye uji.